Ukienda Dessau, usiishie kwenye zile herufi

Wadogo zangu mnaosoma usanifu majengo, hasa nyinyi mliofika Ujerumani muhula huu, hili limenikaa rohoni. Kila kiangazi nawaona mnakwenda Dessau na mnarudi mikono mitupu. Mnashuka stesheni, mnakimbilia jengo la Bauhaus, ile shule mashuhuri ya sanaa na usanifu, mnajipanga chini ya zile herufi za wima za jina la shule alizobuni Herbert Bayer, picha, duka la vitabu, na saa tisa alasiri mko kwenye treni. Kesho yake mtu ananiambia ameiona Bauhaus. Umeona herufi, mdogo wangu. Mji wenyewe umeuacha palepale.

Basi nisikilizeni, maana nawatakia mema.

1. Safari. Deutschlandticket mliyonayo, ile tiketi ya usafiri wa Ujerumani nzima, inatosha kutoka Berlin au Leipzig, ila ni kwa treni za mkoa tu. Ukipanda ICE, treni ya mwendo kasi, umejitafutia faini. Jengo la Bauhaus liko upande wa magharibi wa stesheni, na jumba jipya la makumbusho liko upande wa pili, katikati ya mji. Tokeni magharibi kwanza.

2. Jengo lizungukeni lote kabla ya kuingia. Walter Gropius, mkuu wa shule aliyelisanifu, hakulipatia jengo uso mmoja wa kupigia picha. Kuna bawa la karakana lenye ukuta wa pazia wa vioo, bawa la shule ya ufundi, daraja la ofisi linalovuka barabara, na ghorofa tano za vyumba 28 vya wanafunzi vyenye vile vibaraza vidogo. Hakuna mahali utakaposimama ulione lote kwa mpigo. Lazima utembee, na kila ukikata kona linakuwa jengo jingine.

Mkiingia ndani, acheni simu mfukoni kidogo. Kwenye bawa la karakana angalieni nguzo za zege zilivyorudi nyuma, vioo vikabaki vinaning'inia mbele bila kubeba mzigo. Halafu tafuteni kigurudumu cha mkono na mnyororo wake: ukikizungusha, safu nzima ya madirisha inafunguka pamoja. Kioo kilikuwa cha tabaka moja, kwa hiyo wanafunzi waliungua kiangazi na kutetemeka majira ya baridi. Hayo nayo ni sehemu ya usanifu, yaandikeni.

Na tafadhali, msiniletee tena ripoti inayosema "kioo halisi cha mwaka 1926". Jengo lilizinduliwa Desemba 1926, sawa. Lakini mabomu ya Machi 1945 yaliuteketeza ule ukuta, miaka mingi palikuwa na matofali, na vioo vilirudishwa 1976 wakati wa Ujerumani Mashariki. Ukarabati mwingine mkubwa ulikamilika 2006. Kinachosimama mbele yenu kimepita mikononi mwa serikali kadhaa, ikiwemo ile halmashauri ya mji iliyotawaliwa na Wanazi na kuifukuza shule mwaka 1932.

3. Nyumba za walimu, zile Meisterhäuser. Nendeni kwa Kandinsky na Klee, wachoraji waliofundisha Bauhaus, mkaone rangi za kuta. Anayedhani usasa ni chokaa nyeupe tupu atapona hapo. Nyumba ya Gropius ilivunjwa na vita, na ile iliyofunguliwa 2014 imejengwa kama kumbukumbu ya umbo tu, bila vipengele vidogovidogo, madirisha yake ya ukungu. Kila mwaka kuna anayeniuliza mbona haijamaliziwa. Imemaliziwa. Walioisanifu waliamua kutojifanya kwamba vita haikupita.

4. Törten. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Ni mtaa wa nyumba 314 za safu uliojengwa kati ya 1926 na 1928 ili watu wa kipato kidogo wamiliki nyumba na bustani ya kulima mboga. Gropius aliuendesha kama kiwanda. Mchanga na kokoto vilikuwapo palepale, matofali ya zege la majivu yenye uwazi ndani yalifyatuliwa kwenye saiti, na kreni zikatembea kwenye reli kati ya safu za nyumba. Panda tramu namba 1, shuka Damaschkestraße.

Nilipokwenda nikiwa mwanafunzi, kundi letu lilibeba futi kamba na karatasi za kuchorea. Vitabu vilitufundisha kwamba nyumba za awamu ya kwanza ziliwekwa madirisha ya chuma, mapana, yaliyo juu sana ukutani. Tulitaka kupima kimo cha kizingiti. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi zilikwishabadilishwa na wenyewe: hapa plastiki nyeupe, pale dirisha limeshushwa, kwingine vigae vya rangi mbele ya mlango. Tukawa tunapita tukihesabu "zilizoharibiwa", kwa sauti. Mimi ndiye niliyeinama juu ya uzio wa watu na futi kamba mkononi.

Mzee mmoja akatoka. Akatusalimia yeye kwanza. Sisi tuliolelewa kupiga hodi hata kwa jirani wa ukuta mmoja tulikuwa tumeingiza mikono kwenye bustani ya mtu, tukiamini kwamba kilichoandikwa kwenye kitabu cha historia ni mali ya wanafunzi. Aliuliza tunatafuta nini. Nikamwambia dirisha. Akaanza kueleza, taratibu, kwamba mama yake alikuwa akikaa kushona na hakuona chochote nje isipokuwa anga, na familia ilipopata fedha tu, kitu cha kwanza ilikuwa kulishusha lile dirisha. Alikuwa bado anaongea nilipomkata kumuuliza kama ana picha ya dirisha la zamani. Akanitazama. Akasema hana, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukahamia nyumba iliyofuata.

Ripoti yangu ilijaa vipimo. Mwalimu aliandika pembeni swali moja: nani anaishi hapa? Sikuwa na jibu, na aliyekuwa nalo nilimkatiza mimi mwenyewe. Nilikuja kuelewa baadaye, nikiichora nyumba ile kana kwamba imekatwa katikati, kwamba mzigo wote umebebwa na kuta zinazotenganisha nyumba na nyumba. Ukuta wa mbele haubebi chochote. Kwa hiyo mama yule na jirani zake waliweza kuukata watakavyo bila paa kuwaangukia. Mfumo wa Gropius wenyewe uliwapa uhuru wa kumsahihisha Gropius. Hilo ndilo jambo kubwa la kujifunza Törten, na lilikuwa linaelezwa mbele yangu na mtu aliyekulia ndani yake.

Kwa hiyo: salimieni. Kaeni barabarani, msipige picha za madirisha ya watu, msiseme "imeharibika" mbele ya mwenye nyumba. Mtu akiwa na nafasi ya kuongea, funga daftari umsikilize mpaka amalize. Ukitaka kuingia ndani, kuna Nyumba ya Chuma ya Georg Muche na Richard Paulick hapohapo mtaani, na jengo la duka la ushirika la 1928.

5. Mkiwa Törten msikose Laubenganghäuser, majengo matano ya matofali ya Hannes Meyer, mkuu wa Bauhaus baada ya Gropius, na wanafunzi wake, 1930, yenye korido za wazi nje na fleti 90 za takriban mita 48 za mraba. Hayana mvuto kwenye picha, ndiyo maana mnayaruka. Meyer alitaka mahitaji ya watu yatangulie anasa, na ukiangalia mpango wa fleti moja utaona hakuna hatua iliyopotea kati ya jiko na chumba. UNESCO iliyaongeza kwenye urithi wa dunia 2017. Wenzetu waliokulia karibu na nyumba za Wajerumani za Kikwajuni, Zanzibar, wanaelewa haraka kuliko wote hapa: wao huuliza nani alipewa fleti, nani anafagia korido, maji yanafikaje juu.

6. Jumba la makumbusho liwe la mwisho. Lilifunguliwa 2019, kioo nje, na ndani yake kisanduku cheusi cha zege kilichonyanyuliwa juu bila madirisha, kwa sababu vitambaa na karatasi huliwa na mwanga. Mkusanyiko una vitu takriban 49,000. Ukianza nalo utachoka kabla hujaona nyumba hata moja. Ukimalizia nalo, kiti cha mabomba ya chuma cha Marcel Breuer, mwalimu wa Bauhaus, utakitazama ukijua kiwanda cha ndege cha Junkers, kilichojua kazi ya vyuma, kilikuwa mji huohuo.

Mwenye siku ya pili aende kuona ofisi ya ajira ya mji aliyoisanifu Gropius, ya 1929, ile ya nusu duara inayopata mwanga kutoka paani, kisha mgahawa wa Kornhaus uliosanifiwa na Carl Fieger kando ya mto Elbe, akale hapo. Vyumba vya wanafunzi kwenye jengo la Bauhaus hukodishwa kwa kulala. Choo na bafu ni vya pamoja, na vyumba hujaa mapema, kwa hiyo wekeni nafasi sasa hivi kabla ratiba ya mitihani haijatoka.