Re: Kikohozi cha bwanangu, ni eisii ama ni hiyo kazi?

Pole sana dada wa Kondele. Umeuliza kama kikohozi cha bwanako tangu aanze kufagia ukumbi wa kupiga shabaha na bunduki huko Dubai ni baridi ya eisii tu, mi naona usikubali hiyo hadithi haraka.

Bunduki ikipigwa ndani ya jengo moshi wa baruti unawasha koo na kifua, kikohozi kinaweza toka hapo, lakini kenye kinanipea wasiwasi ni vumbi la risasi, yaani yale madini yenyewe yanaitwa risasi (lead), sio ile risasi ya kupiga, ju yanatoka kwa kichwa cha risasi na pia kwa fataki ya nyuma ya ganda na yanalala sakafuni pale pale anafagia. Hayo hayakohozeshi, yanaingia kwa damu polepole, baadaye ni tumbo kukaza, kichwa, presha, figo.

Muulize kama hewa inasukumwa kutoka mgongoni mwa wapigaji kuelekea shabaha, na kama anafagia kavu. Ufagio mkavu HAPANA! Ni kupangusa na maji ama vakyumu ya hepa (yenye filta ya kunasa vumbi laini), na maski iwe ya filta za P100, zile za kuzuia vumbi laini kabisa, sio ile ya hospitali. Marekani kiwango cha juu kazini ni maikrogramu 50 za hayo madini kwa mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa masaa 8.

Eksirei ya kifua haionyeshi hii kitu, aitishe kipimo cha risasi kwa damu. Na akikuja likizo hizo viatu na nguo za kazi aziache huko, msiwe na watoto wakizichezea.