Uchumba wangu ulivunjika, na kilichonitesa zaidi ni neno "lazima"

Mleta uzi, umeuliza kama kuzungumza na mshauri nasaha kunaweza kweli kubadilisha moyo unaouma, au ni kupoteza nauli tu. Nikujibu kwa yaliyonikuta.

Mchumba wangu aliniacha wiki tano kabla ya harusi. Mahari ilishatolewa, kadi za mchango zimesambaa, watu wameshachanga. Mwaka mzima sikukanyaga sherehe ya mtu. Nikipewa kadi, tumbo linanikata. Niliamini kuachwa ndiko kunakoniumiza.

Mshauri akaandika herufi tatu kwenye karatasi. A ni tukio, B ni unachoamini kuhusu tukio hilo, C ni hisia unazobaki nazo. Njia hii aliianzisha Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1950. Nikaambiwa nijaze B. Nikaandika: "Lazima watu waniheshimu. Mwanamke aliyeachwa mlangoni mwa harusi hana thamani."

Akaibana sentensi ile. Hakunibembeleza. "Sheria hiyo imeandikwa wapi? Shangazi yako aliyeachika, naye hana thamani?" Nilikasirika, maana shangazi ndiye aliyenilea. Akanyamaza, akaniacha nijisikie mwenyewe ninavyomtetea. Halafu akauliza: kuamini hivyo kumekusaidia nini mwaka huu wote?

Kichwa kilikubali siku ileile. Moyo ulichelewa kama miezi mitatu. Nilipewa kazi ya kufanya: niende kitchen party ya mwenzangu wa ofisini, nikae saa moja, niandike ninachojiambia pale watu wanaponitazama. Mara ya kwanza nilitetemeka. Ya nne nilicheza.

Ila usitegemee kwamba utafurahia yaliyokupata. Mimi bado nasikitika, nilimpenda yule mtu. Lakini huzuni unaweza kula nayo, ukalala, ukaenda kazini. Aibu ile ilinifungia ndani. "Lazima waniheshimu" imekuwa "ningependa waniheshimu", na wasiponiheshimu inaniuma, kisha naendelea na siku yangu.

Jambo moja nalisema kwa uzito: kama unapigwa au unanyanyaswa, asikwambie mtu kwamba tatizo ni imani yako. Hapo A ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, utoke salama.

Kabla hujaenda, andika B yako kwenye daftari, kwa maneno yaleyale unayojisemea usiku. Mimi yangu ilinichukua vikao viwili kuitamka.