Samaki wote wamebadilika tabia kwa pamoja? Anza na maji, dawa baadaye

Ndugu, umeandika kwamba tangi lako lina wiki tatu, na tangu juzi samaki wote wanane wanaelea karibu na uso wa maji wakifunguafungua midomo. Mmoja anajisugua kwenye mawe, na lochi, yule samaki mwembamba wa chini, umemkuta usiku amelala ubavu kama aliyekufa. Unauliza utie dawa gani. Nakuomba sana, leo usitie dawa yoyote.

Mimi huwa naanza na swali moja: ni samaki mmoja au ni wote? Ugonjwa kwa kawaida huanza kwa mmoja, tena yule mnyonge, ndipo uenee. Wakibadilika wote ndani ya siku moja au mbili, shaka yangu ya kwanza huwa ni maji, kwa sababu ndicho kitu pekee wanachoshiriki wote.

Hili nililijua kwa hasara. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 60. Siku ya tisa nikawakuta wote juu, matamvua yanakwenda mbio, mapezi wameyabana mwilini. Maji yalikuwa maangavu kabisa, kiasi kwamba haikunijia kabisa kuwa yana kasoro. Nikanunua dawa ya fangasi nikamimina. Kesho yake asubuhi nikatoa wanne wamekufa. Nilipokuja kupata vipimo vya maji ndipo nikaelewa: maji ya tangi niliyoyatilia matone ya kupimia amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, yalitakiwa kubaki njano kwenye kichupa, yakageuka kijani mbele ya macho yangu, kijani cha jani la mgomba. Samaki hawakuwa na fangasi. Walikuwa wanaungua matamvua, na mimi nikawaongezea kemikali nyingine juu yake.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao kila saa, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe: kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali huo. Bakteria hao huhitaji kama wiki nne hadi sita kujijenga. Wewe uko wiki ya tatu, yaani katikati ya kipindi kibaya. Inawezekana kabisa amonia imeanza kushuka na naitraiti ndiyo imepanda. Naitraiti ikiingia kwenye damu ya samaki, damu hushindwa kubeba oksijeni, ndiyo maana anatweta hata kama pampu ya hewa inatoa mapovu mfululizo. Anayepima amonia peke yake anaweza kuona sifuri akadhani mambo ni shwari.

Kwa hiyo pima vyote viwili, pamoja na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kwa sababu kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo amonia ileile inavyokuwa sumu zaidi. Kisha badilisha maji, robo hadi nusu ya tangi, kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana na la mle ndani. Kesho pima tena, na ikibidi rudia. Acha kulisha kwa siku mbili. Najua roho inauma kuwaona wanakufuata kwenye kioo, lakini samaki mkubwa mwenye afya hadhuriki kwa siku mbili bila chakula, na kila punje usiyotia ni amonia iliyopungua. Filta usiizime hata usiku, na sponji usiioshe kwa maji ya bomba, maana klorini itaua bakteria haohao unaowasubiri. Ikiziba, ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Angalia pia saa. Wakitweta alfajiri tu na mchana wakawa sawa, huenda oksijeni inapungua usiku, hasa kama una mimea mingi, kwa kuwa gizani mimea nayo hutumia oksijeni. Joto nalo linachangia: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. Inua mdomo wa filta uvuruge uso wa maji. Oksijeni nyingi huingilia hapo usoni.

Sasa yule anayejisugua. Kujisugua mara moja moja si kitu. Akirudia kila baada ya dakika chache, zima taa ya chumba, mmulike kwa tochi kutoka pembeni, si kwa mbele. Madoa meupe kama punje za chumvi kwenye mapezi huonekana vizuri zaidi hivyo. Ukiyaona, huyo ni kimelea, na hapo dawa ina kazi. Ila ujue kwamba punje unayoiona imejificha chini ya ngozi ya samaki, dawa haiifikii. Ikikomaa hudondoka, hugawanyika, na kutoa watoto wanaoogelea kumtafuta samaki mwingine, na ni hao wanaoogelea ndio dawa inaowaua. Ndiyo maana wengi wanaacha tiba madoa yakiisha, wiki inayofuata yamerudi mengi kuliko mwanzo. Fuata siku zote zilizoandikwa kwenye chupa, na toa mkaa kwenye filta, maana hunyonya dawa. Usiposhuhudia doa lolote, rudi kwenye vipimo. Amonia nayo huwasha ngozi na matamvua.

Lochi mwache alale. Lochi wengi hulala ubavu, wengine hujibana kati ya mawe wameinamisha kichwa, na kila mfugaji mpya ameshaingiza mkono majini kumtoa "maiti" akamwona anachomoka. Vilevile samaki aitwaye koridora kupanda ghafla juu, kunywa hewa na kushuka ni maumbile yake, anaweza kupumulia utumbo. Samaki wa beta na gurami nao huvuta hewa juu. Samaki wa neoni hupauka rangi gizani.

Lakini kilichonifunza zaidi ni samaki wangu mmoja wa njano, sikilidi wa jamii ya Ziwa Malawi. Aliacha kula ghafla. Akajitenga nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, na kila mara anatafunatafuna ilhali hana chakula. Nikashika chupa ya dawa mkononi. Kwa vile nilishaua wanne, nikajilazimisha kukaa mbele ya tangi nusu saa nzima bila kufanya lolote. Alipogeuka kwenye mwanga nikaona kwenye ngozi nyembamba ya chini ya taya viduara vya rangi ya chungwa vikibiringika. Alikuwa amebeba mayai mdomoni, na kule kutafuna ni kuyageuzageuza ili yapate maji safi. Alikaa karibu wiki tatu bila kula, akakonda tumbo, kisha akawatema watoto kumi na mmoja, tayari wana umbo kamili la samaki. Dawa ingewaua wote.

Tangu hapo nina daftari dogo kando ya tangi. Naandika siku niliyobadilisha maji, samaki mpya alipoingia, chakula kipya, vipimo. Mara nyingi tabia ngeni ya leo ina sababu iliyoandikwa mistari mitatu juu yake.

Pima usiku huu kabla hujagusa maji, kisha niandikie namba za amonia, naitraiti na pH, na lini uliosha filta mara ya mwisho. Yule anayejisugua mmulike kwa tochi, na ukiona doa, hata moja, nieleze liko pezi gani.