Nani Alikuwa Faya?

Jumamosi iliyopita nilipiga ukelele uwani kwangu mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kwa ukelele naomba radhi. Kwa nilichokisema siombi. Mmoja wenu mnaokuja kuendesha vigarimoshi vya mvuke kwenye kijireli changu cha uwani, simtaji na mwenyewe anajijua, gesi ya injini yake ilimwishia juu ya daraja la Mazeras, la mfano. Akavaa glavu, akaisukuma injini taratibu hadi stesheni, akapindua kopo la gesi, akajaza, akatoa kibiriti. Nikamuuliza, "Na maji?" Akanijibu, "Mzee, si bado inatoa mvuke?"

Jibu hilo nalijua. Nililitoa kwa kinywa changu mwenyewe kiangazi cha 1998, na lilinigharimu pesa sawa na tiketi ya kwenda Mombasa na kurudi.

Basi nimeamua kuandika, maana nikisema mnaitikia tu huku mnapiga picha za "moshi", ambao hata si moshi. Nimetia nambari ili nisipotee njiani. Nitapotea vilevile.

1. Maji, mafuta, gesi. Kwa mpangilio huo, kila mara, hata kama mwenzako ameshawasha na anakucheka. Maji ni ya mvua, yaliyochujwa kwa kitambaa. Hapa Manchester Mungu hajatunyima. Anayeishi kwenye maji ya chokaa asithubutu kuyatia ya bomba, atazame kwanza ukoko ulioko ndani ya birika lake la chai. Jaza boila mpaka juu, halafu vuta kiasi cha mililita 30 kwa sirinji ili mvuke upate pa kukaa. Ukisahau kuvuta, utakachokipata mwanzo kwenye silinda ni maji, si mvuke, na pistoni haiwezi kuyabana maji.

Mafuta ni ya silinda za mvuke, yale mazito. Si ya gari, si ya cherehani, na wala si ya kupikia. Msicheke, yaliwahi kutiwa. Kile kikopo cha mafuta kinafanya kazi kwa ujanja rahisi: mvuke unaingia, unapoa, unageuka maji, maji yanazama chini na kuyainua mafuta yaende kwenye silinda. Kwa hiyo kila ukimaliza safari unakuta kimejaa maji. Yanyonye, tia mafuta mapya. Ukikuta mafuta yako yote bado yamo, usifurahi kwamba umebana matumizi. Tundu limeziba na silinda zako zimekwenda kavu.

2. Gesi ijazwe mbali na injini yoyote yenye moto, kopo likiwa kichwa chini. Siku za baridi buteni inalegea, lipashe kopo kwa kwapa. Kwapa, nimesema, si kiberiti. Ukiwasha kupitia dohani, fungua gesi kidogo kidogo mpaka usikie "pup", moto umerudi ndani; ukinguruma kwa upole umepata, ukilia kama king'ora umezidisha. Jeti, kile kitundu kinachopitisha gesi, ikiziba usiichokoe kwa sindano, utalipanua tundu na hutalipata tena lilivyokuwa.

3. Hapa ndipo penye kisa changu.

Nyinyi mmeanza na injini zenye kioo cha kuonyesha kiwango cha maji na rimoti. Mimi nilianza na kijinjini cha mtumba, magurudumu manne, rangi ya kijani, kina geji ya presha na regyuleta, ile valvu ya kupimia mvuke uendao kwenye silinda, basi. Nilikidunduliza miaka miwili. Njia niliijenga mwaka huohuo wa 1998 kwa sababu baba alikuwa anakuja kututembelea kutoka Changamwe, na baba alikuwa mtu wa reli: faya, yaani mtunza moto na maji ya boila, kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt za darasa la 59, baadaye dereva. Wale wasiozijua: zilikuwa 34, zimetengenezwa na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252 na jina la mlima wa Afrika Mashariki ubavuni. Mount Gelai ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi. Na kiwanda chenyewe kilikuwa Gorton, hapahapa Manchester, safari fupi ya basi kutoka kwangu. Kilifungwa 1966. Nilimpeleka baba akapaone. Alisimama pale kando ya barabara, akatazama kulia na kushoto, akasema, "Basi mizigo yote ile ilitoka hapa," akataka kurudi nyumbani.

Nilitaka kumfurahisha. Nilichagua reli ya upana wa milimita 45 na kipimo cha 1:22.5 kwa sababu ukizidisha unapata mita moja na ushei, yaani reli yetu ya zamani. Stesheni nikazipa majina ya kwake: Mazeras, Voi, Mtito Andei. Darasa la 59 kwa kipimo hicho linakaribia mita moja na nusu. Mfuko wangu hauliwezi na kona zangu haziliwezi. Lakini kijani changu kilikuwa kinapendeza, na watoto wa majirani walijaa uani.

Sasa sikilizeni jambo la ufundi, ndilo lililonitoa roho. Aliyebuni injini hizi alipiga hesabu: tangi la gesi limepimwa ili gesi iishe maji yakiwa yamebaki kidogo. Moto unazimika wenyewe, boila inapoa salama. Kwenye injini isiyo na kioo, hiyo ndiyo hadhari pekee uliyopewa. Ukiongeza gesi bila maji umeitupa. Na maji hayaongezwi kwa pupa, kwa kuwa tundu la kujazia ndilo lenye valvu ya usalama, na valvu haifunguliwi boila ikiwa na presha. Unangoja sindano ya geji ilale kwenye sifuri. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Mimi sikuwa nazo, kwa sababu watoto walikuwa wanapiga makofi na kusema, "Tena! Tena!"

Baba akasema, "Ipumzishe."

Nikajaza gesi.

Ilikwenda vizuri kuliko mwanzo, na huo ndio ubaya wake. Maji yakipungua mvuke unakuwa mkavu, injini inakimbia kama imepewa habari njema. Ikapita Voi, ikapita Mtito Andei, mimi kifua mbele. Baba alikuwa akizungumza na mke wangu. Akanyamaza, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akasema, "Haina maji hiyo."

"Baba, si bado inatoa mvuke?"

Neno kwa neno. Kumbukeni alikuwa faya. Zile za 59 zilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo kazi ya faya haikuwa koleo, ilikuwa macho na masikio: kioo cha maji, rangi ya moshi, sauti. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 530 hivi, unaanzia usawa wa bahari na kufika juu ya mita 1,600, na njia nzima kuna mtu anatazama kioo. Mtu huyo ndiye niliyekuwa namfundisha.

Mzunguko uliofuata ikaanza kuchoka. Nikaona ni gesi imepungua nguvu, nikaongeza moto. Nimelirudia jambo hilo kichwani mwangu mara nyingi kuliko talaka yoyote niliyowahi kuisikia. Injini inakufa kwa kiu, mimi naongeza moto! Sindano ikashuka. Ikaja harufu, si ya mafuta, ya rangi. Kijani changu kikaanza kuumuka mgongoni kama maandazi, kikageuka kahawia, kikawa cheusi. Pete ya mpira kwenye valvu ikayeyuka, ikatoa kamlio kadogo, halafu kimya.

Nikakimbilia plaizi nikaifungua valvu, sirinji ya maji baridi mkononi, nataka kuiokoa. Baba alikuwa na miaka 71 na goti bovu. Sijui alivukaje ule ua. Nilisikia tu mkono wangu umeshikwa.

"Zima moto. Usiipe maji. Usiiguse."

Nikafunga gesi. Tukakaa kwenye nyasi kuitazama ikipoa, ndipo akanieleza. Kwenye injini ya kweli maji lazima yafunike paa la jiko. Yakishuka chini yake, bati linapata moto mpaka linalainika. Kuna plagi za risasi zimewekwa pale makusudi ziyeyuke kwanza, mvuke umwagike jikoni, uwashtue walio kwenye kebini. Sasa mtu akiogopa kuonekana mzembe akasukuma maji juu ya bati lililoiva, maji yanageuka mvuke kwa pigo moja, boila inaweza kupasuka. "Hapo," akasema, "huendi mazishini, unapelekwa."

Kisha akaitazama injini, akanitazama mimi.

"Nani alikuwa faya?"

"Mimi, baba."

"Na dereva?"

"Mimi."

"Basi barua mbili za onyo." Akaomba chai.

Boila ilipopimwa, kwa maji baridi ya presha kama inavyotakiwa, maana maji hayaripuki hata chuma kikiachia, ilivuja kwenye maungio kama kikapu. Ikaja boila mpya, valvu mpya, rangi mpya. Miezi saba uwa wangu ulikuwa na stesheni tatu na hauna garimoshi. Baba akarudi kwao, na tangu siku hiyo hadi alipofariki, akinipigia simu hakuanza kwa salamu. Alianza kwa "Umejaza maji?"

Nimewatoa mbali, turudi. Gesi ikiisha, safari imeisha. Ngoja ipoe, jaza vyote vitatu upya. Wenye valvu ya kujazia kwa pampu mnaweza kuongeza maji injini ikiwa na presha, na hamna udhuru kabisa.

4. Usiinamie dohani wakati wa kuondoka. Silinda baridi hugeuza mvuke wa kwanza kuwa maji, na maji hayo hutoka kwa dohani pamoja na mafuta, ya moto, kwa fujo. Isukume mbele na nyuma kwanza mpaka itapike yote, ndipo uifunge kwenye mabehewa. Idi moja alikuja bwana mmoja, mstaarabu, kanzu nyeupe imepigwa pasi unaweza kujikatia, akasema hebu niione kwa karibu. Nikasema ngoja. Hakungoja. Mafuta ya mvuke hayatoki kwenye kanzu; tulijaribu ndimu, sabuni ya kipande na dua. Mkewe mpaka leo ananisalimu kwa mbali.

5. Mabehewa yakichomoka, injini isiyo na rimoti huongeza mwendo hapohapo, kwa sababu regyuleta uliiweka kwa uzito ambao sasa haupo. Kagua viungo kabla ya kuondoka. Mnaomwachia mtoto afunge viungo, kagueni mara mbili.

6. Mandhari. Najua ndiyo iliyowaleta, kila mtu anataka mbuyu na daraja. Jengeni, lakini kabla ya kugandisha jengo lolote kando ya kona, pitisha behewa lako refu kuliko yote kwa mkono. Tumbo la behewa hukata kona kwa ndani, ncha za injini hutokeza kwa nje, na ukuta wa stesheni hauombwi kusogea. Watu wa plastiki wasikae karibu na reli. Kwa kipimo chetu mtu wa mita 1.70 ni sentimita saba na nusu, na nilikuwa na mama mchuuzi wa ndizi wa Mtito Andei, nimempaka leso mwenyewe kwa brashi ya nywele tatu. Injini iliegeshwa mbele yake dakika tano. Sasa ana shingo ya twiga. Sijamwondoa, wateja wamemzoea.

Reli iachiwe nafasi ya kutanuka kwenye maungio, hata huku kwenye jua la kuazima. Pangusa mafuta juu ya reli kila baada ya safari, hasa kwenye mpando. Gurudumu likiteleza hapo mtalaumu injini, na kosa ni la kitambaa. Kokoto ziwe ndogo na zenye kingo, zile za duara za kwenye vyungu hazishiki taruma. Konokono huvuka njia usiku, na asubuhi hapana mshiko.

7. Kumaliza. Mwaga maji boila ikiwa bado vuguvugu, nyonya kikopo cha mafuta, pangusa, tia tone kwenye kila kiungo cha mikono ya magurudumu, acha regyuleta wazi ili ndani pakauke. Hii yote ni robo saa, nanyi Jumamosi mlikwenda kula biriani.

Wiki ijayo tunaendesha tena, mvua isipozidi. Kila mtu aje na chupa yake ya maji ya mvua, mimi si mamlaka ya maji. Na yule wa daraja la Mazeras afike nusu saa mapema. Barua yake iko mezani, chini ya kopo la gesi.