Maswali na Majibu: Hofu ya Mjamzito Wakati wa Janga

Tangu Shirika la Afya Duniani liuite UVIKO-19 janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, barua za wajawazito zinazofika katika safu hii zimebadilika sura. Zamani waliuliza kuhusu kichefuchefu, miguu kuvimba na tarehe ya kujifungua. Siku hizi, ingawa dharura ile ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 5 Mei 2023, kila inaposikika habari ya mlipuko mpya popote pale hurudi kuniuliza kama hofu waliyo nayo ni ya kawaida au ni maradhi. Barua zilizo hapa chini nimezifupisha, na kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mwandishi wake nimekiondoa.

Swali: Nina ujauzito wa miezi mitano. Usiku kucha nawaza maambukizi, na sasa naogopa kwamba hofu hii yenyewe inamdhuru mwanangu. Je, ni kweli?

Jibu: Barua yako ina hofu mbili, na nadhani hii ya pili ndiyo inayokukesha zaidi, kwa hiyo nianze nayo. Ni kweli kwamba mwili wa mtu mwenye wasiwasi hutoa kwa wingi homoni iitwayo kortiso, lakini homoni hiyo haimfikii mtoto yote kama ilivyotoka kwa mama, kwa sababu kondo la nyuma lina kimeng'enya ambacho huigeuza sehemu yake kubwa na kuiondolea nguvu kabla haijavuka. Tangu zamani wanawake wamebeba mimba katikati ya vita, njaa, misiba na maradhi, na mwili una kinga zake kwa hali hizo. Usiku mmoja wa kukesha, au wiki ya taharuki baada ya kusikia habari mbaya, si mambo ya kukufanya ujione kuwa umemharibu mtoto.

Hata hivyo, sitaki kukufariji kupita ukweli. Wasiwasi mkali unaodumu kwa majuma na miezi bila kutibiwa umehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na wakiwa na uzito mdogo, na mama mwenye wasiwasi wa namna hiyo yumo katika hatari zaidi ya kupata sonona baada ya kujifungua. Sehemu ya madhara hayo hupita katika mambo ya kila siku ambayo tunaweza kuyarekebisha: mama asiyelala hukosa hamu ya kula, husahau vidonge vyake vya madini ya chuma, huahirisha kliniki, na pengine hutafuta utulivu katika sigara au pombe. Ndiyo maana naiweka hofu yako katika fungu moja na upungufu wa damu, yaani hali inayopimwa na kutibiwa, na sijapata kumwona mkunga akimlaumu mama kwa kupungukiwa damu.

Kama kwa siku nyingi ndani ya wiki mbili umeshindwa kuyazuia mawazo hayo, au yamekuzuia kula, kulala ama kufanya kazi zako, mwambie mkunga bila kungoja akuulize. Huenda akatumia dodoso la Edinburgh, lililotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya akina mama waliokwisha kujifungua na ambalo sasa hutumika pia wakati wa ujauzito. Lina maswali 10 tu, na matatu kati yake yanagusa wasiwasi moja kwa moja. Matibabu ya kwanza mara nyingi ni mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, si vidonge. Wakati unasubiri miadi, soma habari za janga mara moja kwa siku, mchana, kutoka chanzo kimoja unachokiamini, na simu isilale karibu na mto wako. Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika chache, kwa kuwa kuitoa pumzi polepole ndiko kunakoupunguzia moyo kasi.

Swali: Nimekosa kliniki mara mbili kwa kuogopa kuambukizwa hospitalini. Najisikia mzima kabisa. Kuna ubaya gani?

Jibu: Ubaya umo katika hayo maneno "najisikia mzima". Shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba huanza kimya, na anayelibeba hujisikia mzima mpaka siku ambayo kichwa kinamuuma kupita kiasi na macho kuingia kiwi. Upungufu wa damu, sukari ya ujauzito na mtoto asiyekua vizuri tumboni navyo huanza hivyo hivyo, kimya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kupita. Janga halikuifuta hesabu hiyo, maana ugonjwa mpya ukiingia maradhi ya zamani hayatoki kuupisha.

Tunao mfano wa kusikitisha. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2014 na 2015 nchini Sierra Leone, wanawake wengi waliviepuka vituo vya afya, na watafiti waliokuja kupiga hesabu walikadiria kwamba maelfu ya akina mama na watoto wachanga walipotea kwa kukosa huduma, wakiwamo waliozaliwa wafu, idadi iliyokaribia ile ya waliouawa na Ebola yenyewe. Mimi huipima hofu ya mjamzito kwa kuangalia inampeleka wapi. Ikimfanya avae barakoa, anawe mikono na kupiga simu kituoni kuuliza saa isiyo na msongamano, inamlinda. Ikimfungia ndani huku shinikizo lake la damu halijulikani, inamtenda kinyume, hata kama yeye anaiita tahadhari.

Kwa hiyo nenda wiki hii. Baadhi ya vituo huruhusu mazungumzo fulani yafanyike kwa simu, nami sina pingamizi, ila mkojo haupimwi kwa simu. Na likitokea lolote kati ya haya, usingoje miadi: kutokwa damu, chupa kupasuka kabla ya uchungu, maumivu makali ya kichwa au ya tumbo la juu, uso na mikono kuvimba ghafla, homa, degedege, au mtoto kupunguza mchezo wake wa kawaida tumboni.

Swali: Ghafla moyo hunidunda na pumzi hunikatika. Nitajuaje kama ni mimba, hofu au ugonjwa?

Jibu: Hali hizi tatu hufanana kiasi cha kuwatatiza hata wazoefu. Katika ujauzito damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, moyo hupiga kwa kasi zaidi, na mfuko wa uzazi husukuma juu, hivyo kuhema unapopanda ngazi na kutulia unapokaa ni jambo la kutarajiwa. Shambulio la hofu huja kwa ghafla hata ukiwa umekaa, hufika kileleni ndani ya dakika chache, huambatana na kutetemeka, ganzi ya vidole na hisia kwamba unakufa, kisha hupungua lenyewe. Ugonjwa hausubiri utulie: pumzi inabaki fupi hata ukipumzika, na pengine kuna homa, kikohozi, maumivu ya kifua, au mguu mmoja uliovimba na kuuma, ambao unaweza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa. Hatari hiyo ya damu kuganda huongezeka katika ujauzito, na UVIKO-19 huizidisha. Kama ndiyo mara ya kwanza kukupata, usijipime mwenyewe, nenda ukapimwe. Afadhali nipokee wanawake kumi wenye hofu tupu kuliko kumkosa mmoja mwenye damu iliyoganda.

Swali: Shangazi yangu anasema chanjo huharibu mimba. Nimwamini nani?

Jibu: Shangazi hakulitoa hilo hewani. Majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo za UVIKO-19, mwaka 2020, hayakuwaandikisha wajawazito, na pale wataalamu walipokuwa hawana la kusema, uvumi ulisema badala yao. Tangu hapo wajawazito wengi sana wamechanjwa na kufuatiliwa katika nchi mbalimbali, na haikuonekana kwamba mimba zao ziliharibika zaidi kuliko za wengine. Kinyume chake, mjamzito aliyeugua UVIKO-19 alikuwa katika hatari zaidi ya kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na ya kujifungua mtoto njiti. Vivyo hivyo mafua makali ya mwaka 1918 na yale ya mwaka 2009 yaliwaumiza wajawazito kuliko wanawake wenzao wa umri huo huo. Faida nyingine ni kwamba kingamwili za mama huvuka kondo na kumkinga mtoto katika miezi yake ya kwanza.

Lakini usitoke hapa ukidhani kila chanjo inafaa wakati wa ujauzito. Zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela, hazitolewi kwa mjamzito. Uliza kwa jina la chanjo, na uulize kliniki.

Swali: Mimi ni mume. Kila nikimwambia mke wangu atulie, anakasirika. Nifanye nini?

Jibu: Acha kumwambia atulie, bwana. Sijaona mtu aliyetulizwa na neno hilo, kwa kuwa anayeambiwa husikia kwamba hofu yake ni ya kipuuzi. Muulize anaogopa nini hasa, kwa maana "janga" ni neno pana mno: huenda anaogopa kujifungua peke yake, au kukuachia mtoto mchanga, au ninyi kukosa kipato, na kila hofu ina dawa yake. Kisha chukua mzigo unaoshikika: wewe ndiwe uende kwenye misongamano, uzisome habari na kumweleza lile tu linalowahusu, na umsindikize kliniki hata kama utasubiri nje.

Akisema kwamba anatamani kufa, au kwamba mtakuwa na nafuu asipokuwapo, usibishane naye wala usimwache peke yake. Mfikisheni kwa daktari siku hiyo hiyo. Akishajifungua, hasa katika wiki mbili za kwanza, mkimwona anachanganyikiwa, hahitaji usingizi kabisa, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hiyo ni dharura. Humpata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, na hutibika wakiwahishwa.

Niongeze hapa kwamba ipo barua moja ambayo sitaichapisha, ya mama ambaye hofu yake si ya virusi bali ya mtu aliyefungiwa naye nyumbani. Mama huyo, na walio kama yeye, wanaweza kuomba kuonana na mkunga faraghani, na sababu wakaieleza mlango ukishafungwa.

Swali: Nilikuwa nikitumia dawa za sonona kabla ya mimba. Niziache?

Jibu: Usiziache kwa uamuzi wako peke yako. Kukatisha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa nguvu. Zipo dawa, kama setralini, ambazo madaktari huzitumia kwa wajawazito wengi na kwa wanaonyonyesha, na zipo nyingine, kama valproeti, ambazo hufanyiwa kila jitihada kuepukwa kwa sababu humdhuru mtoto. Mpelekee daktari paketi yenyewe.

Swali: Nikiambukizwa, je, nitajifungua peke yangu na kunyang'anywa mtoto?

Jibu: Katika miezi ya mwanzo ya UVIKO-19 hospitali nyingi ziliwazuia wasindikizaji, na nyingine ziliwatenga vichanga na mama zao. Maumivu yaliyotokana na hayo bado nayasoma katika barua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haukusema hivyo: ulipendekeza kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, mtoto awekwe ngozi kwa ngozi, na mama mwenye maambukizi anyonyeshe akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Maziwa hayakuonekana kuwa njia ya kumwambukiza mtoto ugonjwa huo. Kanuni hizi hazihamishwi kwa kila ugonjwa, maana virusi vya Ebola vimepatikana katika maziwa ya mama, na huko ushauri ni tofauti. Uliza mapema utaratibu wa kituo utakachojifungulia, uandike matakwa yako, na uchague wasindikizaji wawili ili mmoja akiugua mwingine awepo.

Swali: Nanawa mikono mpaka ngozi inachubuka, na nisipofanya hivyo naona picha ya mtoto akifa. Ninaelekea wazimu?

Jibu: Hapana. Picha za namna hiyo huwajia wazazi wengi, na kwamba zinakutisha ni ishara kuwa huzitaki. Ila zikikulazimisha kurudia tendo lile lile saa nzima, huo ni ugonjwa wa mawazo ya kulazimisha, ambao una tiba yake mahususi. Zieleze kwa mtaalamu jinsi zilivyo, bila kuzipunguza makali kwa aibu. Sabuni kwa sekunde 20 inatosha, na ngozi iliyochubuka hukinga kidogo kuliko ngozi nzima.

Swali: Mkaza mwanangu amekataa wageni wasimwone mjukuu wangu mchanga. Nimeumia. Je, si amezidisha?

Jibu: Pengine amezidisha kidogo, mama, lakini kichanga hana kinga ya mtu mzima, na mzazi aliyebeba mimba miezi tisa huku akisikia idadi ya vifo kila jioni hawezi kuuvua wasiwasi wake siku anayotoka hospitalini. Mwombe akupangie namna: mkae nje au karibu na dirisha lililo wazi, unawe mikono, umpakate mtoto bila kumbusu usoni. Nawe ukiwa na mafua, hata mepesi, mwambie mwenyewe kabla hajakuuliza, na uahirishe ziara. Akishaona hivyo mara moja au mbili, huenda yeye ndiye atakayekupigia simu kukuita.