Mpima Ardhi Anajibu: Baba mdogo hataki tepu

SWALI: Shikamoo mzee. Familia yetu hapa Mlandizi imeamua kuuza ekari moja ya shamba la marehemu babu, pamoja na viwanja viwili vya 20 kwa 20. Nimependekeza tupime kwa mita, kwa tepu. Baba mdogo amekataa katakata. Anasema wazee walipima kwa hatua na hakuna aliyelalamika, mita ni mambo ya ofisini, na mnunuzi akiona tepu atadhani hatumwamini. Kuhusu ekari anasema inajulikana, ni 70 kwa 70. Nimwelezeje bila kumvunjia heshima?
Binti wa Mlandizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze kwa kumwambia kwamba hatua zimepitwa na wakati. Nimepima ardhi hadi nikastaafu, na sijaona mzee aliyekubali kwa kuambiwa hivyo. Wala si kweli kwamba watu wanaichukia mita. Baba yako mdogo hununua sukari kwa kilo na mafuta kwa lita bila ubishi, maana mzani uko mbele ya macho yake. Fundi wa nyumba naye atakuandikia nondo za milimita 12, tofali za inchi 6 na mbao za futi 12 kwenye karatasi moja, na sina ugomvi naye: inchi na futi zina urefu mmoja kila mahali. Hatua inategemea mguu wa nani.

Mwonyeshe ile ekari kwanza, kwa sababu hapo familia yenu ndiyo itakayopoteza. Ekari ni mita za mraba 4,047. Hiyo 70 kwa 70 ya wazee ilikuwa hatua ndefu ya mtu mzima, inayokaribia yadi, yaani sentimita 91. Kwa hesabu hiyo walikuwa sahihi kabisa, na umwambie hivyo. Tatizo ni kwamba siku hizi mnunuzi huja na tepu yake, akasikia "70 kwa 70", akavuta mita 70 kila upande. Hizo ni mita za mraba 4,900. Mmetoa zaidi ya 850 za bure, yaani viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji! Ekari yenye pande sawa inaishia kwenye mita 63 na sentimita 60 hivi.

Kwenye viwanja hasara inamgeukia mnunuzi. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 akitembea 20 kwa 20, amepata mita 15 kwa 15. Hizo ni mita za mraba 225 badala ya 400. Aliyelipa shilingi milioni 4 akidhani kila mita ya mraba ni 10,000, amelipa karibu 17,800. Siku akija mpima kwa ajili ya hati, ukubwa unaandikwa kwa mita, na ugomvi unaanzia hapo. Kesi za aina hii zinaniumiza, kwa sababu mara nyingi muuzaji hakukusudia kumwibia mtu.

Kuhusu kuaminiana: mpe baba mdogo ncha moja ya tepu, mnunuzi ashike nyingine, na mwenyekiti wa mtaa asome kwa sauti. Azimeni tepu ya mita 50, ile fupi ya fundi itawachosha. Msipime pande nne tu, maana kiwanja kilichopinda kinaweza kuwa na pande nne za mita 20 na bado kikapungua. Vuteni pia kona kwa kona. Zote mbili zisome mita 28 na sentimita 28.

Kwenye mkataba andikeni urefu wa kila upande kwa mita na eneo kwa mita za mraba. Neno "ekari" liandikeni pembeni kama baba mdogo anapenda, lakini neno "hatua" lisionekane popote.