Je, barabara mbovu inaweza kuing'oa stenti ya moyo?

SWALI: Mwezi uliopita baba yangu aliwekewa stenti ya moyo kule hospitali ya Mulago, wakapitia kwenye kifundo cha mkono. Sasa hataki kupanda boda kwenda shambani; anasema mashimo ya barabara zetu yataing'oa. Anadai pia puto lilibaki ndani. Na jirani yetu mwenye stenti ya mguu aliambiwa yake "ilijifungua yenyewe". Inakuwaje? – Msomaji, Arua

JIBU: Mwambie mzee kwamba puto limetoka, waya umetoka, katheta (mrija wa kupitishia vifaa) imetoka. Kilichobaki ni stenti yenyewe, wavu wa chuma wa kuuweka mshipa wazi, wenye kipenyo cha milimita tatu hivi, na mashimo ya barabara hayawezi kuusogeza.

Stenti ya moyo hutoka kiwandani ikiwa imeshabanwa juu ya puto lililokunjwa, na vyote viwili kwa pamoja havizidi sana milimita moja kwa unene. Daktari hutanguliza katheta, mrija wa kama milimita mbili, kutoka mkononi hadi kwenye mlango wa mshipa wa moyo. Ndani yake hupitisha waya wa milimita 0.36 mpaka uvuke pale palipoziba, kisha puto husukumwa likifuata waya huo. Stenti yenyewe ni nyembamba mno, kwenye eksirei huonekana kwa shida. Ndiyo maana puto huwekewa alama mbili za metali nzito, moja kila upande, na daktari hulenga kwa kutazama hizo.

Puto halijazwi hewa. Likipasuka, hewa ndani ya mshipa wa moyo ni balaa. Hujazwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei, kwa shinikizo la angahewa 10, 12, wakati mwingine zaidi. Tairi la gari dogo lina kama 2. Kwa nguvu hiyo chuma hutanuka kupita kiasi cha kuweza kurudi kilivyokuwa, na hukandamizwa kwenye ukuta wa mshipa. Huenda mzee alihisi kifua kubana kwa sekunde chache: puto lilikuwa limezuia damu. Baadaye maji hunyonywa, puto linasinyaa, linavutwa nje.

Hofu ya stenti kuchomoka ina msingi wake, ila mahali pake ni wakati stenti ingali safarini ndani ya mshipa, kabla puto halijajazwa. Ikikwama kwenye mshipa uliojaa chokaa na daktari akalazimika kuirudisha nyuma, inaweza kuchomoka kwenye puto na kubaki njiani. Zamani, madaktari walipokuwa wakiibana kwa vidole, hilo lilitokea zaidi. Siku hizi ni nadra, na kwa mzee hatua hiyo imeshapita.

Ya jirani ni aina nyingine. Imetengenezwa kwa nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayokumbuka umbo lake. Husafiri ikiwa imefungiwa ndani ya ala, yaani mrija mwembamba unaoibana. Daktari akiivuta ala nyuma, stenti hutanuka yenyewe. Mshipa wa paja hujikunja kila mtu anapochuchumaa. Chuma cha kawaida kingebonyea na kubaki hivyo, nitinoli hurudi. Hata stenti za kwanza za moyo, mwaka 1986, zilikuwa za kujifungua. Moyoni za puto zilishinda kwa sababu ni rahisi kuziweka mahali palepale panapotakiwa.

Mimi ningemtaka mzee aogope kitu kingine kabisa: kusahau vidonge. Mpaka utando wa mshipa uufunike ule wavu, damu inaweza kuganda juu yake na kuziba ghafla. Aspirini na mwenzake, mara nyingi klopidogreli, asiache hata kama daktari wa meno amemwambia aache, mpaka aliyemwekea stenti akubali. Siku ya kurudi kwenye boda pia amuulize huyo huyo, kwa sababu hilo linategemea hali ya moyo wake. Na kadi ya stenti, ile inayoandikwa aina na ukubwa wake, atembee nayo pamoja na kitambulisho. Akitakiwa kupigwa picha ya MRI (mashine ya sumaku), wataiomba kwanza.